Meza ndogo ya matengenezo: vitu vilivyotupwa vinavyoweza kuokoa mizani, radio na taa za depo

Tumezoea kuzungumza katika kurasa hizi juu ya mbegu, mbolea na magonjwa ya mihogo. Leo tunaingia ndani ya depo. Siku hizi koperative nyingi za kwetu Kivu ziko na vyombo vya umeme: mizani ya namba (wengine tunaiita balansi), chombo cha kupima unyevu wa kahawa na mahindi, radio, taa za jua, telefone ya komite. Vyombo hivi vinatusaidia sana. Lakini siku kimoja kinakufa, kazi yote inasimama, na fundi iko mbali.

Tulijionea hiyo msimu uliopita, mwezi wa 4. Watu walikuwa kwenye mstari na mifuko ya kahawa nyekundu, na mizani ikakataa kuwaka. Kahawa nyekundu haingojei mtu. Ikivunwa asubuhi, inapaswa kutolewa maganda siku ileile. Ikilala katika mifuko inaanza kuchacha na bei inaanguka. Mnunuzi wa barabarani akasikia habari, akafika na beseni yake, akasema yeye atanunua kwa macho. Sisi waagronome wawili tulikuwa pale, na hatukuwa hata na turnevisi moja.

Kijana mmoja anayetengeneza pikipiki akatuazima ya kwake. Tukafungua visi nane chini ya mizani, tukaziweka zote katika kofia. Ndani tukakuta batri zimevuja na unga mweupe umeshika vyuma. Tukasafisha kwa maji ya ndimu na mswaki wa zamani, tukakausha, tukaweka batri mpya, na mizani ikawaka. Watu wakapiga makofi. Siku tatu nyuma ya hapo tulijifunza kwamba tulikuwa tumefanya kosa kubwa. Tutarudia jambo hilo mbele kidogo, kwa sababu ndilo lenye somo kuliko mengine yote.

Tangu siku ile tulianza kutengeneza meza ndogo ya kazi katika depo. Karibu vyote vilivyo juu yake vilitoka kwenye vitu vilivyotupwa: radio zilizokufa, kinga za zamani, pikipiki zilizobomolewa. Vitu viwili tu tulinunua: multimetre ya bei ndogo, na waya ya risasi ya kuungia. Hapa chini tunaeleza kila kifaa: namna ya kukitengeneza, kazi yake, na mpaka wake. Musisahau mpaka. Kifaa kisicho na mpaka kinaweza kuumiza mtu.

KIFAA CHA 1: TREI YA MAYAI NA SUMAKU

Chukua trei ya mayai ya karatasi. Andika namba katika kila shimo: 1, 2, 3, mpaka mwisho. Unapofungua chombo, visi ya kwanza inaingia shimo la 1, ya pili shimo la 2. Kwenye karatasi, chora umbo la chombo na uandike namba mahali kila visi ilipotoka. Wakati wa kufunga unarudi kinyumenyume. Inaonekana kama mchezo wa watoto, lakini visi za chombo kimoja mara nyingi hazilingani urefu.

Radio iliyokufa iko na sumaku nyuma ya spika. Itoe, uivalishe sashe ya plastiki. Visi ikianguka chini unaitafuta kwa sumaku; ukigeuza sashe, vumbi lote la chuma linatoka pamoja nayo.

KIFAA CHA 2: MSWAKI, NDIMU NA MAJIVU

Batri ndogo za radio na torshe za namna ya alkalini zikivuja, ule unga mweupe uko upande wa majivu, si upande wa asidi. Kwa hiyo unaondolewa na kitu kikali: maji ya ndimu au siki, tone kidogo tu kwenye mswaki. Batri ya gari au ya pano ya jua ni kinyume: ndani yake mna asidi. Uchafu wa kichwa chake unaondolewa kwa maji ya majivu au bikarbonati. Kisha, kwa zote mbili, pitisha kitambaa chenye maji safi kidogo, halafu kausha kabisa mbele ya kurudisha batri.

Mpaka wake: toa batri mbele ya kusafisha chombo, kama ni batri kubwa, toa kwanza waya zake. Vaa sashe mkononi, linda macho. Maji ya majivu yasiingie kamwe ndani ya batri, maana yataiharibu.

KIFAA CHA 3: TORSHE YA KUTAFUTA WAYA ULIOKATIKA

Tafuta torshe ndogo ambayo kitufe chake kimekufa lakini taa na batri bado ni nzuri. Toa kitufe. Mahali pake unganisha waya mbili, kila moja kama urefu wa mkono. Kwenye ncha za waya hizo funga vyuma viwili vyembamba vya gurudumu la kinga, zile tunaita rayo, umevinoa kidogo. Zungusha mpira wa ndani wa gurudumu kwenye sehemu ya kushikia.

Gusanisha rayo mbili: taa inawaka. Sasa weka rayo moja kwenye ncha moja ya waya ya chaja, na nyingine kwenye ncha ya pili ya waya uleule. Taa ikiwaka, waya ni mzima. Isipowaka, umekatika ndani, hata kama ngozi yake inaonekana nzuri. Kunja waya polepole wakati unapima, zaidi karibu na kichwa: waya nyingi zinakatika hapo. Utapima namna hiyo vitufe pia, na fizible, yaani kile kiwaya kinachokatika ili kulinda vingine.

Mpaka wake: ni kwa vyombo vilivyozimwa na kutolewa batri tu. Usipime nacho waya wa jenereta, wa nyumba, wala wa mashine inayogeuza umeme wa batri kuwa volti 220.

KIFAA CHA 4: AMPULI MLINZI

Hiki ndicho tunakipenda kuliko vingine. Tafuta ampuli ya breki ya gari au pikipiki, ya volti 12 na wati 21, ile yenye kiwaya ndani. Taa za kisasa za LED hazifanyi kazi hii. Tafuta tena ile ndogo ya wati 5.

Mara nyingi chombo kilichotengenezwa kinaungua dakika ya kwanza ya kukijaribu, kwa sababu waya mbili zinagusana ndani na batri inatupa nguvu yake yote. Ili kuzuia hiyo, weka ampuli katika njia ya waya wa chanya: umeme utoke kwenye batri, upite ndani ya ampuli, kisha ndipo uingie katika chombo. Wati 21 ukigawanya kwa volti 12 unapata ampea 1.75. Kiwaya kikishapata moto, hata mambo yaharibike namna gani, haitapita sana zaidi ya hapo. Ile ya wati 5 inapitisha karibu ampea 0.4, inatosha kwa kujaribu radio ndogo ya volti 12.

Namna ya kuisoma: ikiwaka sana na kubaki hivyo, kuna waya zinagusana ndani ya chombo, toa batri, tafuta kosa. Ikiangaza kidogo kisha ikafifia, mara nyingi ni hali nzuri. Isipowaka kabisa, pengine chombo kinakula umeme kidogo tu na kinafanya kazi, au hakipati umeme hata kidogo. Hapo unapima kwa multimetre.

Kwa nini inaweza? Kiwaya cha ampuli kikiwa baridi kinaacha umeme upite bila shida. Kikipata moto kinaubana. Ni kama mlinzi wa mlango anayeacha watu watulivu wapite na kuwazuia wanaosukumana.

Mpaka wake: ni kwa volti 12 tu. Na hata ukiwa na ampuli, weka fizible ya ampea 5 karibu kabisa na kichwa cha chanya cha batri. Fizible za namna hiyo zinapatikana katika magari yaliyobomolewa.

KIFAA CHA 5: CHAJA YA GARI KWA VOLTI 5

Zile chaja zinazoingia katika tundu la sigara la gari zinatupwa mingi kwa sababu kichwa kimevunjika, lakini ndani bado ni nzima. Kazi yake ni kupokea volti 12 na kutoa volti 5. Unganisha ncha ya katikati kwenye chanya ya batri ya depo (nyuma ya fizible), na vyuma vya pembeni kwenye hasi. Hapo unapata mahali pa kujaribu telefone, na taa za jua zinazochajiwa kwa waya wa telefone.

Mbele ya kuweka telefone ya mtu, pima kwa multimetre. Namba nzuri ni kati ya volti 4.75 na 5.25. Ukikuta 12 inatokea upande wa pili, chaja hiyo itaua telefone. Ivunje kabisa ili mwingine asiiokote tena.

Koperative iliyo na jenereta inaweza kutumia pia sanduku la umeme la kompyuta ya mezani. Katika masanduku ya kawaida waya wa manjano unatoa volti 12, mwekundu volti 5, wa rangi ya machungwa volti 3.3, na mweusi ni njia ya kurudi. Ili liwake, waya wa kijani unaunganishwa na mweusi. Lakini sanduku lenyewe lisifunguliwe: ndani mnaweza kubaki zaidi ya volti 300 hata baada ya kulitoa kwenye umeme, na hiyo inaua. Na tena, sanduku hilo lina nguvu ya kuyeyusha waya. Pitisheni daima kwa ampuli mlinzi.

KIFAA CHA 6: VIBANIO VYA NGUO NA FERA YA MAKAA

Kazi ya kuunga waya inadai mikono mitatu, na sisi tuko na miwili. Pigilia vibanio viwili vya nguo juu ya kipande cha ubao: kimoja kinashika waya, cha pili kinashika chuma. Kwa vitu vizito zaidi, kata kanda za mpira wa gurudumu na ufunge chombo juu ya ubao.

Pasipo umeme, fera ya kuyeyushia risasi inaweza kupashwa katika makaa. Chukua kipande kinene cha shaba, kama waya mkubwa wa umeme uliotupwa. Kifunge kwenye fimbo ya chuma yenye mshikio wa mti. Noa ncha, pasha moto katika makaa, pangusa haraka kwa kitambaa chenye maji, kisha paka risasi kwenye ncha. Utomvu mkavu wa msonobari unasaidia risasi kushika. Musitumie ile asidi ya watu wanaoziba ndoo na radiateri: inaendelea kula waya kidogo kidogo miezi yote.

Mpaka wake: inafaa kwa waya na vichwa vya batri. Haifai kwa vile vidude vidogo vya ndani ya telefone. Na fanyeni kazi hiyo nje, maana moshi wa risasi si mzuri kwa mapafu. Kisha nawa mikono mbele ya kula.

VITU AMBAVYO HATUOKOTI

Si kila kitu kilichotupwa ni mali. Batri za litiumu za telefone na kompyuta ndizo zinatutia wasiwasi sana. Sisi wenyewe, mwanzoni, tuliunganisha batri ya telefone moja kwa moja na pano ya jua. Ilivimba mikononi mwetu, tukaitupa katika mchanga. Ingekuwa usiku katika depo, karibu na mifuko mikavu, tungezungumza leo juu ya moto.

Kwa hiyo shikeni haya. Batri iliyovimba, iliyotobolewa au yenye harufu haiingii depo. Batri ya litiumu iliyoshuka chini ya volti 2.5 haichajiwi tena. Na mbele ya kubadilisha batri ya taa ya jua, soma maandishi yake: kuna za volti 3.2 na kuna za 3.7. Kwa macho zinaweza kufanana kabisa. Za 3.7 zinajazwa mpaka 4.2, lakini za 3.2 zinapaswa kuishia karibu 3.65. Ukiweka ya 3.2 mahali pa ya 3.7, inajazwa kupita kiasi, na hiyo ni hatari. Weka namba ileile iliyokuwapo.

Televizyo za zamani zenye kioo kinene nyuma hatuzifungui pia. Zinaweza kutunza umeme mkali sana hata zikiwa zimezimwa.

KOSA LETU, NA KIFAA CHA 7

Sasa turudie mizani. Siku tatu baada ya sisi kuitengeneza, mama mmoja alileta mfuko wake. Mizani yetu ikasema kilo 38 na nusu. Mama akasimama, akasema: "Hapana. Kwa jirani, kwenye mizani ya kuning'iniza, ulikuwa kilo 40. Nimeubeba mgongoni, najua uzito wake." Wengine nyuma wakaanza kunung'unika. Mmoja akasema wazi: koperative imeanza kuiba kama wale wa beseni.

Prezida alisimamisha kazi. Tukaazima mizani ya jirani, tukapima tena mfuko uleule mbele ya watu wote. Mama alikuwa na haki.

Tulipofungua, tulikuta sababu. Munakumbuka zile visi nane katika kofia? Mbili zilikuwa ndefu, sita fupi. Sisi tuliingiza moja ndefu mahali pa fupi. Ncha yake ilikuwa inagusa sahani kutoka chini na kubeba sehemu ya uzito. Namba zilikuwa zinaonekana vizuri, lakini zilikuwa namba za uongo.

Komite ilifungua kaye ya mapokezi na kuamua kuongeza kilo moja na nusu kwa kila mpimo wa siku zile tatu. Kese ilisikia uchungu. Lakini watu walirudi na kahawa yao, na hiyo ndiyo mali ya kweli ya koperative. Mizani iliyokufa inapoteza siku moja. Mizani inayodanganya inapoteza wanamemba.

Kutoka hapo tukatengeneza kifaa cha 7, ambacho hakina hata waya mmoja: bido la mchanga. Chukueni bido la zamani la litre 20, kavu na lisilotoboka. Mwageni ndani mchanga uliokaushwa vizuri kwenye jua. Pelekeni mahali penye mizani mbili nzuri, musitegemee moja, pamoja na shahidi wa koperative nyingine. Ongezeni au punguzeni mchanga mpaka bido lote pamoja na kifuniko lifike kilo 20 kamili. Halitajaa, maana mchanga ni mzito kuliko maji. Fungeni, zibeni kifuniko kwa nta, andikeni juu yake uzito, tarehe na majina ya mashahidi. Tengenezeni na dogo la kilo 5 namna ileile.

Kila asubuhi ya ununuzi, mbele ya mfuko wa kwanza, bido linawekwa juu ya mizani, watu wakiangalia. Kwanza katikati, kisha kwenye kila pembe ya sahani. Namba inapaswa kuwa moja pote. Kwetu tulipatana hivi: ikipita au ikipungua kwa gramu 100 juu ya kilo 20, mizani hainunui siku hiyo mpaka kosa lipatikane. Mizani iliyofunguliwa kwa sababu yoyote inapita kwanza kwa bido.

Bido likitoboka, litengenezwe lingine. Na mukiwa bado hamjalipata, kumbukeni kwamba litre moja ya maji safi ni kilo moja. Pimeni kwanza chombo kitupu, kisha ongezeni maji yaliyopimwa.

NANI ANASHIKA MEZA?

Meza bila mwenyewe inakuwa tena takataka. Chagueni watu wawili, ikiwezekana kijana mwanaume na kijana mwanamke, wenye mikono mitulivu na wanaojua kusoma. Wawe na kaye yao: tarehe, chombo, ugonjwa wake, kilichofanyika, pesa iliyotumika, na jina la aliyetengeneza. Wakishindwa, waandike pia. Kusema "hiki kinatushinda, kiende kwa fundi" si haya. Ni kazi nzuri. Mwanamemba anayeleta radio yake binafsi alipe kidogo, ili pesa inunue risasi na batri za torshe.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Katika depo yetu, ni vyombo gani vya umeme vimekufa? Nani alijaribu kuvifungua, na visi zake ziko wapi?
2. Ni vitu gani kati ya vile tulivyotaja vinapatikana bure hapa kwetu wiki hii?
3. Mizani yetu ilihakikishwa lini mara ya mwisho, na mbele ya nani?
4. Mwanamemba akisema "mizani inadanganya", tunafanya nini mbele ya kumjibu?

Anzeni na ulizo la 3. Bido la mchanga halidai pesa, na linaweza kuwa tayari mbele ya soko linalokuja. Kazi njema, na tuonane katika somo lijalo.